Picha ya Bibi Juu ya Alama Nyekundu

Siku katika nyumba yetu haikuanza kwa jogoo, ilianza kwa foleni ya bafu. Tulikuwa familia tisa, watu arobaini na mmoja, na bafu mbili za kugombania. Kabla jua halijachomoza vizuri, ndoo zilikuwa zimeshapangwa kwenye korido na watu wameshaanza kutupiana maneno.

"We Ewatomi, ndoo yako imeolewa hapo? Isogeze!"

"Nilikuwa mbele yako, kaka," nilijibu.

"Mbele yangu? Wewe umezaliwa juzi!"

Nje, mbele ya nyumba, Mama Risi alikuwa ameshabandika karai lake. Mama Risi alikuwa mpangaji wa chumba cha kwanza chini, karibu na ngazi, yeye na watoto wake wanne. Binti yake mkubwa, Risi, alikuwa rafiki yangu. Tulisoma darasa moja. Mama Risi alikaanga akara, zile bajia za kunde, na watu wa mtaa wetu wa Mushin walizifuata kwa harufu. Wakishanunua hawaondoki, maana pale palikuwa na habari. Nani kaachika, nani kanunua gari na haendi kazini, mchungaji gani kagombana na mpiga ngoma wake: Mama Risi alijua kabla wenyewe hawajajua. Niliipenda nyumba ile. Hukuweza kuwa mpweke ndani yake hata ungetaka.

Mwenye nyumba alikuwa baba yangu. Babu ndiye aliyeijenga, ghorofa moja tu juu ya vyumba vya chini, na kibali cha serikali ya jimbo kilikuwa cha hiyo ghorofa moja. Miaka mitano kabla ya kisa hiki Baba akasimamisha nguzo mpya kando ya ngazi, akaongeza ya pili: ukumbi mpana, madirisha makubwa, mahali pa kufanyia sherehe. Ramani hakupeleka ofisini. Alisema ofisini watu wanazeekea kwenye foleni.

Miezi kumi kabla ya kisa hiki mkaguzi wa majengo wa jimbo alifika akaulizia kibali cha ile ghorofa ya juu. Baba akatoa soda, akatoa viti, akatoa mazungumzo, kibali hakutoa. Mkaguzi akabandika ilani: ndani ya siku saba mwenye nyumba alete ramani, nyumba ipimwe uimara, na mpaka hapo ukumbi wa juu usitumike. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akapiga alama kubwa ya X kwenye ukuta wa mbele na kuandika tarehe chini yake.

Mvua ikaichana ilani. Siku saba zikapita, ikapita miezi, na mkaguzi yule hakuonekana tena. Alama tukaizoea kama mtu anavyozoea kovu la usoni. Muuza mkate alielekezwa "nyumba ya X". Sisi watoto tuliilenga kwa mpira. Ukipiga katikati, unahesabiwa mabao mawili.

Halafu Bibi Wuraola, mama yake Baba, akafariki, akiwa na miaka themanini na minane. Kwetu mtu akifa na umri huo watu hawalii sana, wanashona sare za sherehe. Maziko yalipangwa Jumamosi ya tatu tangu afariki. Wageni mia mbili wangetoka Ibadan, Abeokuta na kwingine, wale, wacheze kwenye ukumbi wa juu mpaka viatu viwavuke. Na nyumba ya marehemu haipokei wageni ikiwa na uso mchafu. Ilipakwa rangi ya buluu tangu enzi za Babu. Baba akamwita Sikiru, fundi rangi, aipake rangi ya maziwa.

Sikiru alipaka kuanzia juu, akashuka vizuri, akafika kwenye alama, akaweka brashi chini.

"Baba Ewa, hapa mkono wangu haufiki."

"Mbona haujakatika?"

"Hiyo ni rangi ya serikali. Kuifuta ni kosa, mtu anapelekwa mahakamani."

"Nani atakuona, Sikiru?"

"Kwenye mtaa anaoishi Mama Risi unaniuliza nani ataniona?"

"Nimekusikia!" akapaza sauti Mama Risi toka kwenye karai lake, na watu wote wakacheka.

Basi nyumba nzima ikang'aa, ikabaki kipande kimoja cha mraba, cha buluu kuukuu, na X katikati. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Baba akanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na shuleni mimi ndiye niliyeandika mabango yote.

"Ewa, una mkono mtulivu. Funika pale."

Sikuuliza. Nilipaka mara mbili. Lakini nyekundu ni rangi isiyokubali kufa. Kesho yake X ilikuwa imechungulia tena, ya waridi kama kidonda kinachopona. Ndipo likaletwa bango la Bibi, lile la tangazo la maziko, lenye urefu wa mtu mzima: Bibi na kilemba chake, anatabasamu, na chini yake siku na saa ya mazishi. Baba akalipigilia hapo hapo juu ya alama. Mimi nilimshikia misumari.

"Sasa aje nani afunue uso wa marehemu," alisema Baba.

Jumatano ya wiki ya maziko, tumetoka shule, mimi na Risi tunacheza mbele ya nyumba, akatokea mama mmoja mwenye kofia ngumu ya njano na viatu vizito, faili kwapani. Tukapiga magoti kumsalimu.

"Inukeni, wanangu. Mimi ni Injinia Bisoye, natoka ofisi ya majengo ya jimbo. Mwenzangu aliyekuwa akishughulikia mtaa huu amehamishwa, nami nimekuta faili zake zimelala. Natafuta nyumba ya buluu yenye alama nyekundu. Namba za nyumba hapa kwenu hazifuatani hata kidogo. Mnaijua?"

Niliinua macho. Kwenye dirisha la juu Baba alikuwa amesimama. Alinitazama tu.

"Ile ilibomolewa, mama," nikasema. "Kiwanja chake ni kile pale mwisho."

Pale mwisho wa mtaa kulikuwa na kiwanja kitupu chenye nyasi na mbuzi. Injinia Bisoye akakitazama, akaandika kwenye faili lake. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Ahsante, umenipunguzia jua. Na nyinyi nyumbani kwenu, milango inafunga vizuri?"

"Milango?"

"Ndiyo. Mlango ukianza kugoma bila kosa, kila siku unazidi kubana, jua si mlango. Ni nyumba inainama. Ukiona hivyo, nipigie simu." Akaandika namba kwenye kikaratasi akanipa. "Mtu yeyote anaruhusiwa. Hata mtoto."

Alipoondoka, Risi alinikazia macho. "Umemdanganya mama wa watu na uso mkavu kama dagaa!"

"Nyamaza. Unataka Bibi azikwe kwa aibu?"

"Sinyamazi. Ewa, mlango wetu umegoma toka wiki iliyopita. Mama ameshaupiga randa mara mbili. Anasema umenenepa kwa kula mvuke wa akara."

Tulikwenda kuutazama. Mlango ulikwaruza sakafu ukakwama nusu. Kando yake ilikuwa nguzo inayobeba ngazi na ukumbi wote wa juu, na kwenye nguzo ule ufa ambao sote tuliufahamu. Zamani ulikuwa kama unywele. Risi akachukua rula yake akaiingiza. Rula ikaingia mpaka namba sita, na haikugusa kitu.

Juu ya vichwa vyetu vijana walikuwa wanapandisha maspika na viti. Kila kiti kilipotua, vumbi jeupe lilidondoka toka kwenye ufa likamwangukia Risi begani. Nikaona ile Jumamosi kama naitazama kwa macho: watu mia mbili wanarukaruka juu, na chini yao watoto wanne wa Mama Risi.

Nilikwenda kwa Baba nikamwambia.

"Huo ni ufa wa plasta," alisema. "Plasta inapasuka kama kisigino. Nguzo hiyo niliijenga mwenyewe, nikiwa hapa hapa."

"Baba, injinia amesema mlango ukigoma..."

"Injinia ndiye aliyemzaa bibi yako? Wageni wameshaanza safari, ng'ombe ameshanunuliwa, wewe unaniletea habari za milango!"

Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Alhamisi baada ya shule nilimpelekea Mama Risi kile kikaratasi nikamwomba simu. Nilimweleza yote: rangi, bango, uongo. Nilitegemea atapiga kelele mtaa mzima usikie. Aliteremsha karai motoni, akakaa karibu nami.

"Unajua ukipiga simu hiyo nini kitatokea?" aliuliza.

"Watakuja kupima."

"Watakuja kututoa. Leo hii. Wewe una shangazi kule Agege. Mimi nina nani? Wateja wangu wako hapa, shule ya wanangu iko hapa. Nitabandika karai langu kwenye kichwa cha nani?"

Akainuka, akauendea mlango wake, akausukuma. Ukakwama. Akausukuma kwa bega. Haukusogea. Akabaki ameuegemea, amenipa mgongo. Kisha akatoa simu kwenye kanga yake, akanipa bila kugeuka.

"Piga upesi, kabla sijabadili mawazo."

Injinia Bisoye alifika kabla ya saa kumi, na wenzake wawili. Mtaa mzima ulikuwa nje. Habari kwetu haihitaji miguu.

"Nyumba ya buluu," alisema, akiitazama nyumba ya rangi ya maziwa. "Alama iko wapi?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Nilijua ni mimi wa kuionyesha. Nilipiga magoti mbele ya picha ya Bibi, nikamwomba radhi kwa sauti ndogo, nikashika pembe ya bango nikavuta. Wanawake wakapiga yowe kama nimemfunua maiti. Nyuma ya tabasamu la Bibi, X ilikuwa palepale, ya waridi.

Injinia hakunikaripia. Aliingia ndani. Alikuwa na chombo kama tochi nene. Akakikandamiza kwenye nguzo, kikagonga, ta!, akasoma namba. Akapima mahali kumi. Mwenzake akafungua faili na ramani ya Babu. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka.

"Baba, msingi huu ulipewa kibali cha kubeba ghorofa moja. Na zege la nguzo halijafika hata nusu ya ugumu unaotakiwa. Watu wote watoke. Sasa hivi, si kesho."

"Mama Injinia, nakuomba. Mpaka Jumapili tu. Mama yangu yuko chumba cha maiti, anasubiri."

"Na mimi nakupa pole, baba, toka moyoni. Maziko siyakatazi. Nakataza walio hai wasiingie."

Baba alipiga magoti. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima wa rika lake akimpigia magoti mwanamke wa rika la mdogo wake. Injinia Bisoye akamshika mkono amwinue, lakini neno lake hakulibadili.

Basi wakatoka. Magodoro, masufuria, mashine ya cherehani, televisheni iliyofungwa shuka, mzee wa chumba cha tano amebebwa pamoja na kiti chake. Mlango mkuu ukafungwa kwa mnyororo na karatasi ya serikali. Kwa kuwa mahema ya maziko yalikuwa yameshasimamishwa barabarani, watu walikwenda kukaa humo. Vile viti vyeupe vya wageni vilikaliwa na watu wasio na nyumba, na watoto wakavaa sare za maziko kwa sababu nguo nyingine zilikuwa hazijulikani ziko fungu gani.

Jumamosi Bibi alizikwa na watu kumi na wanane. Bendi iliambiwa isije. Wageni walioshafika walikula wamesimama, wakaondoka mapema bila kuaga vizuri. Baba Mdogo, aliyetoka Ibadan, aliniambia mbele ya kaburi, "Wewe mtoto umemzika bibi yako mara mbili." Hakuna aliyemkanya. Baba alikuwa anatazama udongo.

Na nyumba haikuanguka. Jumapili ilisimama. Jumatatu ilisimama, imenyooka machoni pa watu, inang'aa na rangi yake mpya. Walionunua akara miaka yote walipita wakinibetulia midomo.

"Mtabiri! Mbona imesimama?"

"Labda inasubiri ruhusa yake!"

Hata Risi hakucheza nami. Nilianza kuiombea nyumba ianguke, kisha nikajilaani kwa kuomba hivyo, kwa sababu niliipenda. Sikujua tena nitake nini.

Jumanne, baada ya ofisi kuamua nyumba ibomolewe, mafundi wa jimbo walikuja kuishusha kwa mikono, kuanzia juu, maana mtaa wetu haupitishi mashine. Ijumaa walifika kwenye ile nguzo ya ngazi. Injinia Bisoye akamwita Baba, akampa bonge la zege lililotoka katikati yake.

"Libane, baba."

Baba alilibana kwa mkono mmoja. Likavunjika kama mkate wa jana. Mchanga ukamtoka kati ya vidole, na ndani yake vipande vidogo vya kombe za pwani, vinameremeta. Nondo zilikuwa zimeliwa na kutu. Ungeweza kuzikunja kama waya.

"Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi inakula nondo," alisema Injinia kwa upole. "Ungeleta ramani, mkaguzi angekuja kupima msingi wa zamani, angekuja siku ya nguzo, siku ya sakafu. Angeukataa mchanga huu kabla haujamwagwa."

"Mama yangu alikuwa analala juu ya hii," alisema Baba. "Miaka mitano. Mimi ndiye niliyemlaza hapo."

Alikaa chini, palepale kwenye kifusi, na suruali yake ya kanisani. Ile kelele ya mtaa ikakatika. Aliyekuwa akiniita mtabiri aliokota kipande naye akakibana, akakiangalia kiganjani, akaondoka. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi, na mimi sikuona wa kumdai.

Injinia Bisoye alinisogelea. Nilidhani atanisifu.

"Ewatomi, ulipiga simu, na umefanya vema. Lakini Jumatano ile uliniambia uongo, nami nikaandika uongo wako kwenye faili la serikali. Usiku ule watu arobaini na mmoja walilala chini ya nguzo hii kwa neno lako. Alama ile haikuwekwa kumwaibisha baba yako. Iliwekwa kwa ajili ya mpangaji, mgeni, mtoto, yeyote ambaye hakuiona ramani. Na sisi ofisini tuliiacha miezi kumi bila kurudi. Hilo ni letu, nalo si dogo."

Nililia. Hakunifuta machozi, alisimama tu karibu nami mpaka nikamaliza.

Kesi ya Baba ilipelekwa mahakama ya jimbo. Sisi tulihamia kwa shangazi kule Agege, watu saba chumba kimoja. Familia nyingine zilitawanyika, nyingine sijui hata zilikokwenda. Watu tuliokuwa tukigombania bafu kila asubuhi, leo nikikutana nao sokoni tunasalimiana kama waliosafiri basi moja.

Mama Risi ndiye aliyeondoka wa mwisho. Alipata banda la jamaa yake kule Ikorodu, mbali, mahali asipojulikana na mtu wala akara yake haijulikani. Siku ya kuondoka nilikwenda kumsaidia kupakia. Risi alinishika mkono mara moja, akauachia, akapanda garini. Nilimwambia Mama Risi kuwa naomba anisamehe, kwa uongo na kwa ukweli pia.

Aliweka karai lake jeusi juu ya mizigo, akalifunga kamba.

"Usitegemee nikushukuru huku nacheka, Ewa," alisema. "Nina hasira, na nitakuwa nayo muda mrefu. Nimepoteza chumba, nimepoteza wateja, nimepoteza watu wa kusema nao. Lakini nikwambie jambo, ulishike. Sote tuliiona ile X. Mimi niliegeshea kuni zangu pale. Tulidhani hatari ukiizoea inaondoka, na baba yako alidhani ukiifunika inaondoka. Haikuondoka. Siku zote ilikuwa inatuhesabu."

Akageuka kwenye gari, akaanza kuwanyooshea kidole wanawe mmoja mmoja, kama anavyofanya kila mama kabla ya safari. Mmoja. Wawili. Watatu. Risi wa nne.

"Ukweli wako haukunipa chumba," alisema. "Umenipa watoto wanne wa kuwatafutia chumba. Haya, kaa vizuri."

Akapanda. Dereva akawasha gari, wakashika njia ya Ikorodu.